Robert Millikan, mtoto wa mchungaji aliyepima umeme wa elektroni

Robert Millikan alizaliwa mwaka 1868 huko Morrison, jimbo la Illinois, Marekani. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kanisa la Kongregesheni. Akiwa mwanafunzi Oberlin, mwalimu wake wa Kigiriki alimwomba afundishe fizikia, somo ambalo karibu hakulijua. Alijifunza wakati wa likizo, akafundisha. Baadaye aliitwa Chuo Kikuu cha Chicago.

Tangu 1897 watu walijua kwamba ndani ya atomu kuna chembe ndogo sana, elektroni, yenye umeme hasi. Lakini ni umeme kiasi gani? Na kila elektroni inabeba kiasi kilekile?

Kuanzia 1909, Millikan na mwanafunzi wake Harvey Fletcher walinyunyiza mafuta ya saa kwa kifaa cha kupulizia marashi. Matone madogo sana yaliingia kati ya sahani mbili za shaba. Walitazama kwa darubini tone likianguka, kisha wakawasha umeme, nalo likapanda. Kwa mwendo wake walihesabu umeme lililobeba. Tufikiri mashemasi wakihesabu bahasha za sadaka: moja ina faranga 500, nyingine 1500, nyingine 2000, wala hakuna yenye 700. Hata kabla ya kuona noti tutajua kwamba waumini wametoa noti za 500 tu. Ndivyo yalivyokuwa matone yale: umeme wao ulikuwa daima mara moja, mara mbili, mara tano ya kiasi kimoja. Kipimo alichotoa mwaka 1913 kinatofautiana na cha leo kwa chini ya asilimia moja, kwa sababu hesabu yake ya uzito wa hewa kupitisha tone ilikuwa na kosa dogo.

Mwaka 1923 alipewa Tuzo ya Nobel. Alibaki mtu wa kanisa, akaandika kwamba sayansi na imani hazipigani. Sisi makanisani tunapenda kumtaja kwa hilo, na ni haki. Lakini tusifiche mengine. Katika makala ya 1913 alisema kwamba matone 58 ndiyo yote yaliyopimwa, kumbe madaftari yake yana mengine mengi aliyoyaacha. Kuyaacha hakukuharibu jibu. Maneno yale ndiyo hayakuwa kweli.

Na kuna Fletcher. Aliandika kwamba, kadiri alivyokumbuka, yeye ndiye aliyependekeza mafuta badala ya maji, na kwamba mwaka 1910 Millikan alimjia nyumbani wakapatana: makala ya umeme wa elektroni ibebe jina la mwalimu peke yake, na Fletcher apate nyingine kwa ajili ya udaktari wake. Mwanafunzi angekataaje?

Millikan alikufa mwaka 1953. Fletcher, aliyejulikana kwa kazi yake juu ya usikivu wa masikio, hakumwekea kinyongo. Aliomba maandishi hayo yasitolewe akiwa hai. Alikufa 1981, nayo yakachapishwa mwaka uliofuata.