Benjamin Franklin na Waya ya Mnara

Benjamin Franklin alizaliwa katika mji wa Boston, Marekani, mwaka 1706. Baba yake alikuwa mtengeneza mishumaa na sabuni, mwenye watoto 17, na fedha ya shule haikutosha. Basi kijana alitolewa chuoni akiwa wa miaka 10. Alipopata miaka 12 akatiwa kwa kaka yake afundishwe kupiga chapa. Hawakupatana, na mwaka 1723 akatoroka akaenda Philadelphia. Huko akafanya kazi kwa bidii hata akawa na karakana yake mwenyewe. Mwaka 1748, alipokwisha kupata mali ya kumtosha, akamwachia mwenziwe shughuli zile, ili apate nafasi ya kuuchunguza umeme.

Siku zile watu walijua kutoa cheche kwa kusugua kioo, na kuiweka nguvu yake katika chupa zilizopakwa madini ndani na nje. Wengi waliona kuwa ni mchezo wa barazani tu. Franklin alidhani ya kuwa cheche ile ndogo na radi ya mawinguni ni kitu kimoja, na mwaka 1752 jambo hilo lilithibitishwa, kwanza huko Ufaransa na watu waliofuata shauri lake. Akawaambia watu waweke fimbo ya chuma juu ya nyumba zao, na kuiunganisha na ardhi. Lakini wengine waliogopa, wakisema fimbo hiyo itaialika radi nyumbani.

Ndipo radi ilipopiga mnara wa kanisa la Newbury, karibu na Boston. Franklin alipita huko akautazama mnara kwa macho yake, na mwaka 1755 akampelekea rafiki yake wa Ufaransa habari zake. Juu ya kengele palikuwa na mnara wa mbao wa futi 70. Huo wote ulipasuliwa vipande vipande. Toka nyundo ya kengele palishuka waya nyembamba kama sindano ya kufumia, ikapita sakafuni na kando ya ukuta, mpaka kwenye saa kubwa iliyokuwa futi 20 chini. Mahali pote ilipopita waya, ukuta haukudhurika hata kidogo. Chini ya saa, waya ilipokwisha, jengo likararuliwa tena mpaka ardhini.

Na waya je? Haikuonekana, ila inchi mbili hivi kila ncha. Nyingine yote ilikuwa imelipuka kama baruti, ikawa moshi, ikaacha alama nyeusi ya masizi katika chokaa ya ukuta. Angalia ajabu hii: waya iliangamia, na hata hivyo ilikuwa imekwisha kuichukua radi yote. Fimbo ya pendulamu ya saa, iliyokuwa nene kuliko waya, ilipitisha radi ile ile isipate dhara. Hapo Franklin alipata jibu kwa wenye hofu: chuma kikiwa kinene cha kutosha, huokoa nyumba nacho chenyewe husalimika.

Lakini alikuwa na kosa moja. Alisikia hadithi za panga zilizoyeyuka na ala zake zisiungue, akadhani umeme huyeyusha madini bila moto. Mwalimu mmoja wa Philadelphia, Ebenezer Kinnersley, hakuridhika. Alitundika waya ya shaba ya manjano, urefu wake inchi 24, akafunga uzito wa ratili moja chini yake, akapitisha nguvu ya chupa nyingi kwa mara moja. Waya ikawa nyekundu kwa moto, ikarefuka kupita inchi moja. Alipopitisha mara ya pili, ikayeyuka na kukatika. Basi ni moto kweli. Umeme mwingi ukipita katika waya nyembamba, waya huupinga, nayo hupata moto upesi mno hata madini hugeuka mvuke kabla ya kupata nafasi ya kudondoka. Na mvuke huo hutanuka ghafula kwa kishindo.

Kinnersley alimwandikia Franklin habari hizo mwaka 1761. Franklin alikuwa amekwisha kusifiwa katika nchi nyingi. Angeweza kushindana naye. Hakufanya hivyo. Mwaka 1762 alijibu, akakiri kwamba alizisadiki hadithi zile pasipo kuzipima. Na kitabu chake kilipopigwa chapa tena mwaka 1769, barua ya Kinnersley ilitiwa ndani yake. Franklin alikufa Philadelphia mwaka 1790, akiwa na miaka 84.