Rupert Brooke: Mshairi aliyefariki siku mbili kabla ya Gallipoli

MWISHONI mwa Machi 1915, maofisa vijana watatu wa jeshi la majini la Uingereza walipewa ruhusa ya siku chache, wakaacha kambi yao iliyokuwa mchangani Port Said, Misri, na kwenda kuitembelea Cairo na piramidi zake. Mmoja alikuwa Arthur Asquith, mtoto wa Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati huo. Wa pili, Patrick Shaw-Stewart, alitoka katika kazi ya benki. Wa tatu alikuwa mshairi Rupert Brooke, mwenye umri wa miaka 27, ambaye hakuwa amebakiza hata mwezi mmoja wa kuishi.

Brooke alizaliwa Agosti 3, 1887 mjini Rugby, ambako baba yake alikuwa mwalimu, na akapata elimu ya juu Cambridge. Vita Kuu ilipozuka Agosti 1914, alisaidiwa kupata cheo na rafiki yake, Edward Marsh, aliyekuwa katibu wa Waziri wa Majini, Winston Churchill.

Kikosi alichojiunga nacho kilikuwa cha ajabu kidogo. Jeshi la majini lilikuwa na askari wa akiba wengi kuliko nafasi zilizokuwamo melini, hivyo Churchill akaamua wapigane nchi kavu. Walibaki na vyeo vya baharini huku wakichimba mahandaki. Oktoba 1914 walipelekwa Antwerp, Ubelgiji, mji ukaanguka baada ya siku chache, nao wakarudi nyumbani. Vita aliyoiona Brooke kwa macho yake ni hiyo tu, lakini miezi michache baadaye alikuwa amekamilisha soneti tano zilizokitukuza kifo cha vitani. Washairi waliokaa miaka katika matope ya Ufaransa waliandika mengine kabisa.

Februari 28, 1915 waliondoka bandari ya Avonmouth, wakitarajia kuingia Constantinople kwa kupitia Mlango-bahari wa Dardanelles. Machi 18, manowari zilijaribu kupenya peke yake, na tatu zikazama. Ilikuwa wazi sasa kwamba askari wa miguu watahitajika, na ndipo wakarudishwa Misri kujipanga upya. Ruhusa ile ya Cairo ilitokana na kushindwa huko.

Aprili 2, Brooke aliugua kutokana na jua kali, akalazwa hotelini Port Said pamoja na Shaw-Stewart, naye akiwa mgonjwa. Akiwa kitandani alitembelewa na kamanda mkuu, Jenerali Ian Hamilton, aliyempa nafasi ya kufanya kazi katika makao yake makuu, mbali na risasi. Brooke alikataa, akitaka kubaki na askari wake. Siku ya Pasaka, Aprili 4, moja ya soneti zake ilisomwa katika mahubiri ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, na jina lake likaanza kuvuma.

Risasi hazikumfikia. Aprili 20, baada ya mazoezi katika kisiwa cha Skyros, Ugiriki, alipumzika chini ya mizeituni. Muda mfupi baadaye mdomo wake ulivimba, inaaminika kwa kuumwa na mbu, na sumu ikaenea katika damu. Penisilini ilikuwa bado haijagunduliwa. Alifariki alasiri ya Aprili 23 katika meli ya hospitali ya Kifaransa, Duguay-Trouin. Kwa kuwa msafara ulikuwa karibu kung'oa nanga, wenzake walimchimbia kaburi usiku uleule, palepale penye mizeituni. Aprili 25 mapigano ya Gallipoli yakaanza.

Churchill aliandika taazia katika gazeti la The Times, na kitabu cha mashairi yake kilichotoka mwaka huohuo kikachapwa tena na tena. Uingereza ilikuwa bado inategemea vijana wa kujitolea.

Miongoni mwa waliomzika, mwanamuziki Denis Browne aliuawa Juni 1915, na Charles Lister akafa kwa majeraha Agosti. Shaw-Stewart, aliyeongoza gwaride la mazishi, aliuawa Ufaransa Desemba 1917. Bernard Freyberg alinusurika, akawa Gavana Mkuu wa New Zealand.

Mdogo wake Brooke, Alfred, aliuawa Ufaransa Juni 1915. Kaka yao mkubwa alikwishafariki mwaka 1907, na mama yao akabaki bila mtoto hata mmoja.