Kiranja wa Tabora: Julius Nyerere Shuleni na Uongozini

Watahiniwa wengi huanza kueleza maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kwa kuundwa kwa TANU mwaka 1954. Wewe anzia shuleni. Huko utaona chimbuko la mengi aliyoyafanya akiwa kiongozi.

Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma. Alifaulu vizuri, na mwaka 1937 akaingia Shule ya Serikali Tabora. Kumbuka kwamba Waingereza waliifungua shule hiyo mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu, ili wapate watu wa kuwasaidia kutawala. Viranja wake walikuwa na upendeleo ambao wanafunzi wengine hawakuupata. Nyerere, ingawa naye alikuwa mtoto wa chifu, aliupinga upendeleo huo. Alishiriki pia kuanzisha midahalo, akajizoeza kushinda kwa hoja. Baadaye yeye mwenyewe akawa kiranja.

Sasa mtazame akiwa Rais. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, hasa sharti la kukatwa sehemu ya mshahara. Nyerere aliwafukuza karibu wanafunzi 400. Hakuishia hapo: alijipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha na hisa katika makampuni. Mwaka huohuo, katika Elimu ya Kujitegemea, alipinga shule zinazomfanya msomi ajione bora kuliko wakulima waliomsomesha. Hapo unamwona yule mwanafunzi aliyekataa upendeleo. Unamwona pia kiranja aliyezoea kutoa adhabu.

Nyerere aliacha urais mwaka 1985, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999.

Huenda unasoma kitabu hiki Mnyambe, Newala au Masasi, ambako maji ni ya shida na zamu ya kuchota humchosha kila mmoja. Kiranja anayepanga zamu hizo na kuliruka jina lake hatapunguziwa alama hata moja kwenye mtihani wa taifa. Lakini anajizoeza namna atakavyoishi na watu akipewa ofisi. Anayejiandika wa kwanza naye anajizoeza.

Swali la kujipima: Je, uamuzi wa Nyerere wa Oktoba 1966 ulikuwa wa haki? Toa hoja tatu, na angalau moja ihusishe maisha yake ya shule.