John Bowlby: Daktari aliyelitambua jeraha la mtoto kutengwa na mlezi wake

Na Mwandishi Wetu

MTOTO John alikuwa na umri wa takriban miaka minne pale yaya aliyemlea, aitwaye Minnie, alipoacha kazi na kuondoka nyumbani kwao mjini London. Kwa wakubwa wa nyumba ile lilikuwa jambo la kawaida, mtumishi mmoja kaenda na mwingine atakuja. Kwa mtoto yule ilikuwa sawa na kufiwa na mama.

Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa Dk. John Bowlby, mmoja wa madaktari waliobadili kabisa jinsi dunia inavyomtazama mtoto mdogo, na jinsi matabibu wa nafsi wanavyomhudumia mtu mzima ambaye utoto wake ulijaa machungu ya kuachwa.

Bowlby alizaliwa Februari 26, 1907, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa Sir Anthony Bowlby, daktari bingwa wa upasuaji aliyepata kuihudumia familia ya kifalme ya Uingereza. Kama ilivyokuwa desturi ya wenye nafasi wa enzi zile, watoto walilelewa na mayaya, na mama yao walimwona kwa takriban saa moja tu kwa siku, baada ya chai ya alasiri. Iliaminika kuwa mtoto akidekezwa ataharibika.

Baadaye alipelekwa shule ya bweni, maisha ambayo hakuyafurahia hata kidogo, kisha akaingia chuo cha jeshi la majini cha Dartmouth. Mwaka 1925 alijiunga na Chuo cha Trinity katika Chuo Kikuu cha Cambridge ili kuifuata taaluma ya baba yake.

Hata hivyo, mwaka 1928 aliiweka kando njia hiyo kwa muda na kwenda kufanya kazi katika shule ya watoto walioshindikana. Huko alikutana na watoto wawili ambao hakuwasahau maisha yake yote.

Mmoja alikuwa kijana aliyefukuzwa shule kwa wizi, mpweke, asiyeonyesha hisia kwa yeyote, na ambaye hakupata kuwa na mlezi wa kudumu. Wa pili alikuwa mtoto wa miaka saba au minane aliyejaa wasiwasi, akimfuata Bowlby kila aendako hata akajulikana kama kivuli chake. Mmoja alikuwa ameufunga mlango wa moyo wake. Mwingine aliogopa kumwachia mtu hata kwa dakika moja. Bowlby aliona kwamba pengine chanzo kilikuwa kimoja.

Aliporejea London alihitimu udaktari mwaka 1933, akasomea magonjwa ya akili na wakati huohuo tiba ya uchambuzi wa nafsi iliyoasisiwa na Sigmund Freud. Hapo ndipo mgogoro wake na wakubwa wa fani hiyo ulipoanzia.

Miongoni mwa waliomsimamia mafunzoni alikuwa Melanie Klein, bingwa aliyeamini kuwa machafuko ya mtoto hutokana zaidi na taswira zilizomo ndani ya nafsi yake mwenyewe. Bowlby alipewa mvulana mdogo wa kumtibu, mtoto asiyetulia. Kila siku mama wa mtoto huyo alikaa katika chumba cha kungojea akiwa amezama katika mawazo, lakini Bowlby alikatazwa kuzungumza naye. Baada ya miezi michache mama huyo alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili. Kilichomshangaza Bowlby ni kwamba msimamizi wake hakuona uhusiano wowote kati ya hali ya mama na ya mwana. Alichosikitikia ni kuwa tiba imekatika kwa kukosa wa kumleta mtoto.

Tangu hapo Bowlby alishika msimamo mmoja: yaliyompata mtoto kweli katika maisha yake ndiyo ya kuchunguzwa kwanza.

Akiwa katika kliniki ya ushauri wa watoto mjini London, aliwachunguza watoto 44 waliokuwa na tabia ya wizi na kuwalinganisha na wengine 44 wasioiba. Kati ya wale wezi, 14 walikuwa hawana upendo wala haya kwa mtu yeyote, na 12 kati ya hao 14 walikuwa wametengwa kwa muda mrefu na mama zao walipokuwa wadogo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1944.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, yeye na wenzake wawili, Donald Winnicott na Emanuel Miller, walitoa tahadhari katika jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu hatari ya kuwahamisha watoto wa chini ya miaka mitano bila mama zao.

Baada ya vita aliongoza idara ya watoto katika Kliniki ya Tavistock, London. Mwaka 1951 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti aliyoiandika kuhusu watoto wasio na makazi. Hitimisho lake lilikuwa kwamba mtoto anahitaji uhusiano wa upendo usiokatika na mama yake au mtu anayeshika nafasi hiyo, na kwamba kuukosa huweza kumwathiri kwa muda mrefu.

Mwaka uliofuata msaidizi wake, James Robertson, alitoa filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa kwa siku nane, wakati ambapo hospitali ziliwawekea wazazi saa chache tu za kuwaona wana wao. Robertson na Bowlby walieleza hatua tatu: mtoto hulia akimdai mama, kisha hukata tamaa, na mwisho hujitenga. Hatua ya tatu wauguzi waliiita kutulia. Bowlby aliiona kuwa ndiyo ya hatari kuliko zote. Madaktari wengi walikasirishwa na filamu hiyo, lakini mwaka 1959 kamati ya serikali ya Uingereza ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao bila vizuizi.

Ushahidi mwingine mzito ulitoka Afrika Mashariki. Mary Ainsworth, mtafiti aliyefanya kazi na Bowlby London, alifika Uganda mwaka 1954 na kuzitembelea mara kwa mara familia 26 za Baganda katika vijiji vya karibu na Kampala. Aligundua kuwa watoto ambao mama zao walizijua vema tabia na mahitaji yao walilia kidogo, na walithubutu kwenda kuchezea vitu vipya mradi mama yupo karibu. Wengine walilia mara kwa mara hata wakiwa wamebebwa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1967, na ndio uliomwandalia njia ya kazi yake mashuhuri aliyoifanya baadaye Baltimore, Marekani.

Bowlby aliyaunganisha hayo yote katika vitabu vitatu vikubwa, vya mwaka 1969, 1973 na 1980, kuhusu mafungamano, kutengana na kufiwa. Alieleza kuwa mtoto hamng'ang'anii mama kwa ajili ya maziwa tu; ameumbwa kutafuta hifadhi kwa mtu anayemtegemea.

Mafunzo hayo yana maana gani kwa anayetibiwa ukubwani? Bowlby alijibu katika kitabu cha mwaka 1988. Alifundisha kuwa kazi ya kwanza ya mtabibu si kutoa mawaidha, bali kuwa ngome ambayo mgonjwa ataiegemea ili aweze kuyatazama machungu aliyokuwa akiyakimbia.

Kisha humsaidia kuona anavyohusiana na watu wake wa karibu leo, na anavyomtazama mtabibu mwenyewe. Aliyeachwa utotoni hutarajia kuachwa tena. Likizo fupi ya mtabibu huweza kuonekana kwake kama kutupwa. Ni wajibu wa mtabibu kulitambua hilo na kulizungumza. Mwisho, mgonjwa husaidiwa kuona kuwa hofu zake zilikuwa na sababu enzi zile, ila huenda hazilingani na maisha yake ya sasa.

Aidha, aliwaasa matabibu wamwamini mgonjwa. Aliandika kuhusu watoto walioshuhudia kifo cha mzazi aliyejiua, kisha wakaambiwa na jamaa kuwa hawakuona walichokiona. Mtoto wa namna hiyo, alisema, hujifunza kutoziamini akili zake mwenyewe, na huhitaji mtu wa kumhakikishia kuwa anayoyakumbuka yanaweza kuwa kweli.

Wapinzani hawakukosekana. Wafuasi wa Klein walimwona msaliti, naye Anna Freud aliikosoa nadharia yake hadharani. Wanawake wengi walilalamika kuwa amewatwisha akina mama lawama zote. Mwaka 1972 Michael Rutter alionyesha kuwa kutengana peke yake si chanzo cha kila balaa, kwani ugomvi wa nyumbani na umaskini navyo huumiza, na kwamba mtoto huweza kufungamana na zaidi ya mtu mmoja. Sehemu ya marekebisho hayo imekubalika, lakini msingi wa hoja ya Bowlby umebaki.

Aliaga dunia Septemba 2, 1990, katika kisiwa cha Skye, Scotland, akiwa na umri wa miaka 83, na huko ndiko alikozikwa. Aliacha mjane, Ursula, na watoto wanne.

Aliyewahi kumwona mtoto akimlilia dada wa kazi aliyeondoka alfajiri bila kuaga anaweza kuielewa kazi ya daktari huyu pasipo kufungua kitabu. Kilio kile si utundu wala kudeka. Ni msiba, na Bowlby alitaka mtoto apate mtu wa kukaa naye matanga.