Mwalimu Nyerere na wenye magazeti

Kila mwaka ifikapo tarehe 14 Oktoba tunamkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki London mwaka 1999. Huku kwetu Bukoba na Muleba wazee humkumbuka kwa namna ya pekee kwa sababu ya vita ya Kagera. Tangu mwaka 2005 tunamwita pia Mtumishi wa Mungu, kwa kuwa mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulifunguliwa katika Jimbo la Musoma. Mengi yameandikwa juu ya sala yake, uadilifu wake na siasa yake ya Ujamaa. Leo tumechagua upande usiozungumzwa sana, nao ni jinsi alivyoishi na wenye magazeti na wahariri. Humo tunamwona mtu mwema akijaribiwa na madaraka, na hilo linatuhusu sisi sote tunaojiandaa kuongoza wengine.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922. Baada ya masomo ya Tabora aliingia Makerere mwaka 1943. Huko alishirikiana na vijana wenzake wa Tanganyika, miongoni mwao Hamza Mwapachu na Andrew Tibandebage, mwana wa Bukoba, katika kuanzisha chama cha wanafunzi cha kuangalia ustawi wa Waafrika wa Tanganyika. Mwaka huohuo aliliandikia barua gazeti la Tanganyika Standard akieleza mawazo yake juu ya ujamaa wa Kiafrika. Alikuwa kijana wa miaka 21 tu, na ubatizo wake ulikuwa bado. Aliupokea Desemba ya mwaka huo katika misheni ya Nyegina. Gazeti lenyewe lilikuwa mali ya Wazungu, likiwasemea zaidi walowezi na serikali ya kikoloni. Tuikumbuke barua hiyo, maana gazeti hilo tutakutana nalo tena.

TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuwa na wanachama lakini haikuwa na gazeti. Serikali ilikuwa na Mambo Leo tangu mwaka 1923. Rafiki wa mwanzo wa TANU katika uwanja huo alikuwa Ramadhani Mashado Plantan, mwenye gazeti la Zuhra na mhariri wake, ambaye alikitolea chama nafasi katika kurasa zake. Mwezi Machi 1955 Mwalimu aliacha kufundisha Pugu ili aitumikie siasa moja kwa moja. Mwanzoni mwa mwaka 1957 serikali ilimkataza kuhutubia mikutano ya hadhara kwa miezi kadhaa. Mtu aliyenyimwa jukwaa akageukia karatasi. Ndipo likaanza Sauti ya TANU, ambalo mhariri wake alikuwa Mwalimu mwenyewe. Mwaka huohuo Robert Makange na Kheri Rashid Baghdelleh walianzisha Mwafrika, gazeti la Kiswahili lililoandika bila woga.

Mwaka 1958 gharama yake ilionekana. Katika toleo moja la Sauti ya TANU Mwalimu aliwashutumu maofisa wawili wa wilaya wa Kiingereza kwa kutowatendea haki wananchi. Alishtakiwa kwa kashfa. Wakili D. N. Pritt alikuja kutoka Uingereza kumtetea, lakini mahakama ilimkuta na hatia, ikampa kuchagua kati ya faini ya shilingi 3,000 na kifungo cha miezi sita. Alilipa faini. Uchaguzi wa kwanza ulikuwa unakaribia, na wengi wanaona kwamba kufungwa kwake kungeweza kuzua vurugu ambazo hakuzitaka. Lakini Makange na Baghdelleh walihukumiwa kwa uchochezi mwaka huohuo, nao wakaingia gerezani. Huku kwetu mzee Ali Migeyo naye alionja jela kwa ajili ya siasa hiyohiyo. Kwa hiyo Mwalimu alijua, kwa mwili wake na kwa mateso ya rafiki zake, maana ya serikali kumnyamazisha mwandishi.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Mwaka 1961 TANU ilianzisha gazeti la Uhuru, na mwaka 1964 The Nationalist kwa Kiingereza. Sasa Mwalimu alikuwa kiongozi wa serikali na pia mwenyekiti wa chama chenye magazeti. Mwaka 1966 uhariri wa The Nationalist alikabidhiwa kijana Benjamin Mkapa, aliyetokea utumishi wa mambo ya nje. Uhusiano wa Mwalimu na Mkapa ulidumu maisha yote. Mkapa alihariri magazeti kwa miaka mingi, na mwaka 1974 Mwalimu akamwita Ikulu kuwa mwandishi wake wa habari. Rais aliyekuwa na mhariri wa kumwamini hivyo hakuhitaji kumpigia kelele, kwa sababu walikuwa na lugha moja.

Si magazeti yote yalikuwa ya chama. Ngurumo, lililomilikiwa na Randhir Thaker, lilipendwa sana na watu wa kawaida. Kanisa lilikuwa na Kiongozi, lililoanza Tabora mwaka 1950. Tanganyika Standard, ambalo baadaye lilijiita The Standard, lilikuwa chini ya kampuni ya Lonrho yenye makao yake London. Mwaka 1968 Bunge lilipitisha sheria iliyompa Rais uwezo wa kulifungia gazeti lolote akiona kwamba manufaa ya taifa yanadai hivyo. Hakutakiwa kwanza kwenda mahakamani kuthibitisha kosa. Tuliweke jambo hili wazi: mwaka 1958 Mwalimu alipewa walau hakimu, wakili na nafasi ya kujitetea. Sheria ya mwaka 1968 haikumhakikishia mhariri hata hayo. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tusimwonee, maana alikuwa na hoja. Aliona kwamba katika nchi maskini gazeti la tajiri husema maneno ya tajiri, na kwamba mhariri aliyeajiriwa na kampuni ya London anaweza kufukuzwa na watu ambao hawajawahi kufika Kamachumu wala kuonja umaskini wa mkulima wa kahawa. Hoja hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye hatua ya tarehe 5 Februari 1970, serikali ilipolitaifisha The Standard. Gazeti lililopokea barua yake akiwa mwanafunzi sasa lilikuwa mikononi mwake, na kwa cheo yeye mwenyewe akawa mhariri mkuu.

Hapa ndipo tunapoona dhamiri yake ikifanya kazi. Aliliandikia gazeti hilo mwongozo wa uhariri. Lilitakiwa kuwa tiifu kwa siasa ya Ujamaa, lakini liwe huru kumkosoa mtu yeyote na kuonyesha kasoro katika utekelezaji wa siasa hiyo. Kisha alimchagua mhariri ambaye hakuwa mtu wa kuitikia tu. Frene Ginwala alikuwa mwanamke wa Afrika Kusini, mwanachama wa ANC, ambaye aliwahi kuchapisha jarida Dar es Salaam na kuamriwa kuondoka nchini mwaka 1963. Mwalimu alimrudisha na kumkabidhi gazeti kubwa kuliko yote ya Kiingereza nchini. Watawala wachache wangethubutu kufanya hivyo.

Majaribio hayo yalidumu mwaka mmoja na nusu hivi. Mwaka 1971 The Standard lilitoa tahariri kali dhidi ya Jaafar Nimeiry wa Sudan, aliyekuwa amewaua viongozi wa chama cha kikomunisti baada ya jaribio la kumpindua. Sudan ilikuwa nchi rafiki, na serikali ikaona aibu. Ginwala akaondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na Sammy Mdee. Mwongozo ulikuwa umempa mhariri uhuru, lakini haukumpa kinga dhidi ya yule aliyeutia sahihi. Mwaka 1972 The Standard na The Nationalist yaliunganishwa kuwa Daily News, chini ya Mkapa. Ngurumo lilikufa mwaka 1976. Magazeti ya kila siku yaliyobaki yakawa ya serikali na ya chama.

Sisi wa Kagera tuliona maana ya hali hiyo mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia nchi kaskazini ya mto na daraja la Kyaka likavunjwa. Habari za uhakika zilitoka katika chanzo kimoja tu, na pale zilipochelewa uvumi ulijaza nafasi. Watu walibeba watoto na magodoro bila kujua adui yuko wapi. Mwalimu alipotangaza vita kwa redio mwanzoni mwa Novemba, watu walimwamini, na aliistahili imani hiyo. Lakini tujiulize ingekuwaje kama sauti hiyo moja ingekuwa ya mtu mwongo. Aliyerithi nyumba yenye mlango mmoja huurithi pia ufunguo wake.

Mwalimu alistaafu urais mwaka 1985. Miaka ya tisini ilipoleta vyama vingi na magazeti ya watu binafsi, yeye hakuwa tena na gazeti. Alipotaka kuwakosoa viongozi waliomfuata, aliandika kitabu chake juu ya uongozi na hatima ya Tanzania, kikachapishwa Harare. Mwezi Machi 1995 alikutana na waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro, Dar es Salaam, akaeleza nyufa za taifa na kulaani rushwa. Magazeti yale ambayo sheria yake ya zamani ingeweza kuyafungia ndiyo yaliyoyabeba maneno yake hadi vijijini. Mwaka huohuo Mkapa, mhariri wake wa zamani, alichaguliwa kuwa Rais, na Mwalimu alimfanyia kampeni. Ginwala naye alikuwa tayari Spika wa Bunge la Afrika Kusini tangu mwaka 1994.

Tunajifunza nini? Mwalimu hakuchukua magazeti ili aibe wala ajisifu. Aliyachukua kwa kuamini kwamba nia yake njema ingetosha kuyalinda. Hapo ndipo lilipo kosa, na ni kosa la watu wema. Nia njema ya mtu mmoja haiwezi kushika mahali pa haki ya mwingine kusema, kwa sababu mwenye nia huchoka, hukasirika, na siku moja huondoka. Sheria aliyoiacha ilibaki mikononi mwa wengine.

Wengine wataogopa kwamba kusema haya kunaharibu safari yake ya utakatifu. Hatuoni hivyo. Kanisa lenyewe, linapochunguza maisha ya Mtumishi wa Mungu, hukusanya pia ushahidi wa wanaompinga na kuyasoma maandishi yake. Ukweli hauwezi kumdhuru mtu aliyeungama mara kwa mara na kuhudhuria Misa kila alipoweza.

Nasi tujitazame. Kesho paroko atakuwa na mimbari ambayo hakuna anayemjibu akiwa juu yake, na mwenyekiti wa halmashauri anayeweza kubadilishwa kwa sababu aliuliza hesabu ya sadaka. Siku hiyo tumkumbuke Mwalimu katika viti vyote viwili: kijana anayeandika barua kwa gazeti lisilo lake, na Rais anayesoma tahariri asiyoipenda. Tumwombee pumziko la milele, na tujiombee sisi masikio ya kusikia.