Bwana John Milne na Matetemeko ya Nchi

John Milne alizaliwa Liverpool, katika nchi ya Uingereza, mwaka wa 1850. Alijifunza elimu ya mawe na madini. Mwaka wa 1875 aliitwa kufundisha Japani, akaenda kwa kuvuka Siberia wakati wa baridi kali. Safari yake ilikuwa ndefu kuliko ile ya wapagazi wa kale waliotoka Bagamoyo, wakapita Tabora, hata wakafika Ujiji.

Japani ni nchi ya matetemeko. Mwaka wa 1880 mji wa Yokohama ulitikiswa sana. Basi Milne na wenzake wakaanzisha chama cha kuchunguza jambo hilo, wakatengeneza vyombo vya kuandika mwendo wa ardhi.

Lakini kupima tu hakuokoi watu. Kwa hiyo Milne alijenga nyumba juu ya mipira ya chuma yenye upana wa inchi 10, ili ardhi ikitikisika nyumba isiifuate. Kumbe, upepo nao uliisukuma nyumba! Hakukata tamaa. Alipunguza mipira mara kwa mara, mpaka akatumia chembe za robo inchi. Hizo hazikubingirika upesi, na upepo ukashindwa.

Tarehe 28 Oktoba 1891 likaja tetemeko lililoua watu zaidi ya 7,000, na majengo mengi ya matofali yakaanguka. Ndipo Milne na Omori, Mjapani, walipojenga nguzo za matofali na kuzitikisa kwa makusudi. Wakaona kuwa nguzo hukatika karibu na chini. Basi yafaa iwe nene chini na ipungue kwenda juu.

Mwaka wa 1895 moto uliteketeza nyumba yake, vitabu na vyombo. Milne alirudi Uingereza pamoja na mkewe Tone, akaanza kazi upya katika kisiwa cha Wight. Alikufa mwaka wa 1913.

Kazi yake yatuhusu sisi pia. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko kubwa lilitokea upande wa Rukwa, kusini-magharibi ya Usoke. Tena tarehe 10 Septemba 2016 nyumba nyingi za matofali zilibomoka Bukoba. Wapagazi wa Unyamwezi walijua kuwa mzigo usiofungwa vema hufumuka njiani. Ndivyo ulivyo ukuta usioshikamana: mtikisiko ukija, huanguka juu ya wenyewe.