Tukumbuke wakubwa wetu: Monsenyeri Emmanuel Kataliko (1932–2000)

Tumezoea kuwaandikia juu ya mbegu, mabati na kasha letu. Leo tunamkumbuka Monsenyeri Emmanuel Kataliko, mwenye wengi wetu tulisikia jina lake tukiwa bado vijana. Hakuwa mtu wa Masisi, lakini maisha yake yanatugusa sisi wenye tulikimbia na tukarudi.

Alizaliwa mwaka 1932 katika milima ya Wanande, huku Kivu ya Kaskazini. Alipewa upadri mwaka 1958, na mwaka 1966 akawa askofu wa Beni, jimbo lenye baadaye liliitwa Butembo-Beni. Alikaa kule miaka 31. Hakuwa askofu wa misa tu: alihangaikia pia barabara na shule, na mwaka 1989, wakati wake, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa Butembo.

Mwaka 1997 alitumwa Bukavu. Ule mji ulikuwa na kilio. Askofu mkuu wake, Christophe Munzihirwa, aliuawa pale tarehe 29 mwezi wa kumi 1996, vita vilipoingia. Kataliko alifika karibu na miaka 65, mgeni kati ya watu wa kabila na lugha nyingine. Mwaka uliofuata vita vya pili vikaanza, na mwezi wa nane 1998 watu wengi wakauawa Kasika, hata padri na masista wa parokia. Angeweza kutafuta njia ya kurudi kwao. Alibaki.

Noeli ya 1999 aliwaandikia waamini barua juu ya mateso ya wananchi na utajiri wao wenye ulikuwa unaporwa. RCD, wenye walitawala Bukavu kwa silaha, walimshitaki kwamba anachochea chuki. Mwezi wa pili wa 2000 walimkataza kukaa Bukavu, wakampeleka Butembo.

Hapo, wapendwa, tusipite haraka. Walimrudisha kwao, kwenye wazee wake na lugha ya mama yake. Lakini kwake ilikuwa kufukuzwa, juu ya ndugu wa taabu yake walikuwa Bukavu. Wangapi kati yetu tumeambiwa turudi kwetu, na kwetu ni hapa hapa tulipozika wazazi?

Watu wa Bukavu hawakumsahau. Makanisa na shule za kikatoliki vilifungwa kwa muda, na watu wakazidi kudai arudishwe. Hawakumpa mtu mwingine kiti chake. Baada ya miezi saba, tarehe 14 mwezi wa tisa 2000, alirudi, na umati mkubwa ukatoka kumpokea. Furaha haikudumu. Tarehe 4 mwezi wa kumi, siku 20 tu baadaye, alifariki kule Italia, moyo ukasimama. Alizikwa Bukavu, kati ya watu waliomngojea.

Tunaandika haya juu ya jambo moja. Kataliko alirudi kwa sababu wenye walibaki walimchungia nafasi. Na sisi tunajua hivyo. Katika kambi za Bulengo na Lushagala jamaa ziligawanyika: mama huku, watoto Minova, mjomba Uganda. Jirani wa hema akawa dada, akatunza mgonjwa asiye wa ukoo wake. Tuliporudi, kuna wenye walikuta nyumba imekaliwa na mpaka wa shamba umesogezwa. Kuna wengine walikuta jirani amepalilia migomba yao, hajala hata mkungu mmoja bila kuuhesabu. Hao wa mwisho ndio walirudi kweli. Wale wa kwanza bado wako njiani, hata kama wanalala Kirotshe.

Kwa hiyo tunaomba: majina ya wenye hawajarudi yasifutwe katika likelemba. Mwenye anapalilia shamba la mwenzake asilihesabu kuwa lake. Na mtu akifika na mzigo kichwani, tumpe kwanza maji na mahali pa kulala. Kabila lake si la kuulizwa mlangoni. Wafadhili wetu, mabati mliyotuma yanafunika nyumba. Kumwekea mwenzetu nafasi ni kazi yetu sisi wenyewe.